Jina Lililobaki Kisimani

Ngo.

Mlio mmoja tu, wa shaba kugonga chuma, kisha nyumba ikanyamaza. Ulikuwa usiku wa siku tuliyomzika baba mkubwa Reuben, hapa bandarini Devonport, Uingereza. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni kwa ajili ya maziko. Niliwasha mshumaa nikatazama jikoni. Hapakuwa na chungu kilichoanguka. Baba yangu, Tobias Hannaford, alikuwa ameketi kwenye ngazi gizani, amekishika kifundo cha mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, kama mtu anayeziba jeraha.

“Umesikia?” akanong'ona.

“Nimesikia.”

“Basi keti. Reuben hayupo tena. Sasa naweza kusema.”

Tangu utoto wangu nimemwona mama akianika soksi moja mbele ya jiko kila asubuhi. Moja, si mbili. Sikuwahi kuuliza. Kila nyumba ina jambo lake, na jambo la nyumba yetu nilidhani ni hilo tu.

Siku ya mkasa, alisema baba, ilianza vizuri. Manowari waliyotumikia yeye na Reuben, Corisande, ilikuwa siku ya nne kutoka Halifax ikielekea Bermuda, ikiwa na watu mia mbili na mizinga kumi na saba. Walisugua sitaha kwa mawe kabla jua halijachomoza. Walikunywa kakao. Walizigonga biskuti zao mezani ili funza watoke, na waliokosa funza wakataniwa kwamba leo hawatapata nyama.

Meli ile ilikuwa na nguvu mbili: matanga na mvuke. Upepo ulipokuwapo, moto ulizimwa, dohani likateremshwa, na rafadha, lile panga la shaba lenye uzito wa tani saba linaloisukuma meli, ikavutwa kutoka majini hadi juu kupitia shimo la mraba lililotoboka kutoka sitaha ya nyuma hadi baharini. Shimo hilo waliliita kisima. Upepo ulipolala, moto uliwashwa tena, na rafadha ikashushwa. Dohani juu, rafadha chini. Dohani chini, rafadha juu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao.

Lakini kabla ya kuishusha, mtu mmoja alishuka kisimani kwa ngazi ya kamba, chini ya shaba ile inayoning'inia, kuondoa kamba na magugu yaliyokwama. Msimamizi wa kisima aliliita jina lake anaposhuka. Kazi ikiisha, aliliita mara ya pili, na mtu yule alipaswa kujibu akiwa amesimama sitahani: “Nimepanda!” Hapo ndipo msimamizi alipopaaza sauti: “Kisima kitupu!” Na watu sitini walioshika kamba wakalegeza mikono. Jina la kushuka, jina la kupanda. Bila jina la pili, hata admeri mwenyewe asingeishusha rafadha.

Msimamizi alikuwa baba mkubwa Reuben. Alikuwa mtu hodari, mwenye kifua kipana, lakini Mungu alimpa sauti nyembamba. Na mshukaji wake alikuwa baharia mmoja mrefu mno kutoka Cornwall, ambaye walimwita Korongo kwa sababu ya miguu yake. Jina lake halisi baba hakunitajia mpaka mwisho wa kisa. Katika nyumba yetu halikuwahi kutajwa kabla ya usiku ule.

Korongo alikuwa na mzaha. Kila Reuben alipoita, yeye alijibu kwa mlio wa mbuzi.

“Meee! Nimepanda, mbuzi wangu!”

Sitaha nzima ilicheka. Jana yake Reuben alikuwa amempiga ngumi, na Korongo akamrudishia ya mdomoni hadi meno mawili yakaanguka kwenye supu ya mbaazi. Sasa sauti ya Reuben ilikuwa nyembamba tena yenye mluzi. Na upepo ulikuwa umelala.

“Dohani juu! Rafadha chini!” akaamuru ofisa wa zamu, saa yake ya mnyororo ikiwa mkononi. “Leo nataka dakika nane, si tisa!”

Korongo alishuka. Reuben aliliita jina la kushuka, na pengo likapiga mluzi katikati ya jina. Watu waliokuwa kwenye kamba wakaanza.

“Meee!”

“Mbuzi ana kiu, mteremsheni kisimani!”

“Meee! Meee!”

Uso wa Reuben ukawaka. Alisikia kitu kikikwaruza kule chini, kisha kimya, akajiambia Korongo ameshapanda kwa upande wa pili, amejificha nyuma ya watu anangoja kumdhihaki tena. Hakutaka kuliita jina lile. Hakutaka kuusikia mluzi wake mwenyewe. Akaruka jina la pili.

“Kisima kitupu!”

Kamba zikalegezwa.

Tani saba zilishuka. Hapakuwa na ukelele. Kulikuwa na mlio mmoja tu, ngo, kama mtu aliyewahi kubisha hodi mara moja akakosa nafasi ya kubisha ya pili. Halafu maji ya kisimani yakapanda yakiwa mekundu.

Walipoivuta tena, ilibidi wamtoe kwa ndoo.

Nahodha aliwakusanya watu wote. Reuben aliweka mkono juu ya Biblia akaapa: aliita, na mtu alijibu. Kamba zilikuwa zinapiga kelele, watu wanalia kama mbuzi, nani angekuwa na hakika? Mtu mmoja tu alisema kweli. Hosea Widger, aliyekuwa wa kwanza kwenye kamba, hatua mbili kutoka kisimani.

“Sikusikia jina la pili, afande. Halikuitwa.”

Kumsingizia msimamizi wake lilikuwa kosa. Walimfunga Widger kwenye wavu wa chuma, wakamchapa viboko ishirini na vinne kwa mjeledi wa mikia tisa. Kufikia cha kumi ngozi ilikuwa imechanika kama karatasi iliyolowa. Kufikia cha kumi na nane, baba alisema, weupe wa mfupa ulionekana begani. Reuben alikuwa amesimama mstari wa mbele, akihesabu kwa midomo.

Usiku ule kila mtu aliyelala sitaha ya chini aliusikia. Ngo. Mara moja tu. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jina la Korongo ndani ya meli ile.

Siku ya tisa ya safari upepo ulilala tena. Safari hii alishuka Jem Luscombe, mtu mfupi mcheshi aliyekuwa akiupaka mkia wa paka wa meli mafuta ya nyama kila jioni, ati uote manyoya. Reuben aliliita jina la kushuka. Kazi ikaisha. Hakuna aliyelia kama mbuzi. Reuben akaita tena, polepole, sitaha nzima isikie.

“Luscombe!”

“Nimepanda!”

Sauti ilitoka nyuma yake hasa. Karibu sana. Reuben alihisi pumzi kwenye shingo, ya baridi, yenye harufu ya grisi na chumvi. Watu wote sitini waliisikia. Wote waliapa baadaye kwamba ilikuwa sauti ya Luscombe.

“Kisima kitupu!”

Wakalegeza.

Luscombe alilia. Alilia kwa muda mrefu, kwa sababu rafadha ilimshika kiunoni tu, na kila walipojaribu kuivuta juu, ilimpandisha naye, ikimsaga ukutani. Alipofika kwenye mwanga bado alikuwa akisema kitu. Baba alikuwa karibu. Alisikia.

“Mbona hamkuniita?”

Kisha mikono yake ikaachia. Nusu yake ilibaki kwenye shaba. Nusu ikarudi chini.

Nahodha akaamuru rafadha isishushwe tena mpaka Bermuda. Watasafiri kwa matanga, hata wakichelewa mwezi. Lakini bahari haipokei amri. Walipoyaona mawimbi yakivunjikia kwenye miamba ya Bermuda, upepo ulikatika kama uzi. Matanga yakalala. Mkondo ukaanza kuipeleka Corisande ubavu-ubavu kuelekea kwenye meno ya mwamba. Moto ulikuwa tayari, mvuke ulikuwa tayari. Ilihitajika rafadha tu. Na kisimani, kamba iliyokatika ilikuwa imejizonga kwenye reli ambayo rafadha huteremkia.

“Nani mwembamba?” akauliza ofisa. Macho yake yakamwangukia baba yangu, mdogo wake Reuben, kijana wa miaka ishirini na miwili. “Hannaford mdogo. Shuka.”

“Afande, nakuomba,” Reuben alisema. “Nitume mimi.”

“Wewe hupiti mabega. Shuka, kijana!”

Baba alivua viatu. Reuben alimshika mkono.

“Tobi. Usichelewe huko.”

“Nikichelewa utaniita, kaka.”

Alishuka. Giza, alisema. Giza na ukuta wa utelezi, na juu ya kichwa chake shaba ile, ikidondosha maji tone kwa tone. Aliikata kamba kwa kisu. Moja. Mbili. Mkato wa tatu, ikakatika. Akageuka kuipanda ngazi.

Kitu kilimshika kifundo cha mguu.

Hakikumvuta. Kilimshika tu, kwa utulivu, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Vidole vinne. Vya baridi.

Juu, Reuben aliinama kisimani.

“Hannaford! Tobias Hannaford!”

“Nimepanda!”

Nyuma yake. Kwenye sikio lake. Sauti ya mdogo wake, neno kwa neno. Reuben akageuka. Hapakuwa na mtu. Sitahani palikuwa na alama za nyayo mbili ndefu, nyembamba, zimelowa, vidole vyake vikimwelekea yeye.

“Kisima kitupu?” ofisa akafoka. “Sema! Tunapasuka!”

“Hajapanda, afande.”

“Sote tumemsikia!”

“Hajapanda!”

Meli ikagusa. Mguso mdogo, kama kisigino kwenye changarawe, na mlingoti wa mbele ukatetemeka hadi juu. Mawimbi yalikuwa karibu kiasi kwamba povu liliwarukia usoni. Ofisa alichomoa bastola, akawaambia watu wa kamba wahesabu hadi tatu kisha waachie. Reuben akajitupa kifudifudi juu ya mdomo wa kisima, mikono ameitandaza. Walimpiga mateke ya mbavu. Walimpiga kwa kitako cha bastola hadi sikio likachanika, na damu yake ikamdondokea baba usoni kule chini. Hakusogea.

“Moja!”

Ndipo Widger, aliyekuwa wa kwanza kwenye kamba, mgongo wake bado unatoa usaha, alipoinama na kunong'ona.

“Anajibu kila jina, Reuben, kwa sababu lake hajaitwa. Liite.”

Reuben alijua maana yake. Kuliita jina lile mbele ya watu mia mbili ni kukiri kwamba hakuliita siku ile, kwamba aliapa uongo juu ya Biblia, kwamba mgongo wa Widger na nusu ya Luscombe ni vyake.

“Mbili!”

Baba yangu aliishi, ndiyo maana nipo. Reuben alipata miaka kumi ya kuvunja mawe gerezani Bermuda, akarudi kwetu mzee, na kila alipoingia chumbani kwetu aliita kwanza majina ya waliomo, mmoja mmoja, akingoja kila mtu ajibu. Na mguu wa baba una alama nne hadi leo. Alinionyesha usiku ule, kwa mwanga wa mshumaa. Nilikigusa kifundo. Kilikuwa kimelowa. Nililamba kidole changu. Yalikuwa maji ya chumvi, na yalinuka grisi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kule juu, Reuben alijaza kifua hewa. Hakuna aliyecheka. Akainamisha kichwa ndani ya giza, na kwa ile sauti yake nyembamba ya mbuzi, mluzi ukipita kwenye pengo, akaita:

“Nankervis! Zachary Nankervis!”