Maua ya Buluu ya Mfuga Nyuki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, na hiyo moja ilimshinda. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, maana msichana huyu hakujua kufanya jambo taratibu. Chai aliinywa amesimama. Viatu alivifunga huku anatembea. Kumwagilia miche ndiyo kabisa: alirusha maji kama anayefukuza paka, kisha huyo, keshatoka.

Shangazi aliotesha miche nyuma ya nyumba na kuiuza. Safari hii mzee mmoja mfuga nyuki alikuwa ameagiza miche ya ua la buluu la porini, lile lenye majani ya manyoya na mbegu zinazong'ang'ania kwenye soksi. Nyuki hulipenda mno. Alitaka kulipanda kwenye shamba lake jipya kabla ya kuhamishia mizinga huko, kwa sababu hapakuwa na ua hata moja.

"Nyuki wakikosa chakula wanaondoka, na hawaagi," alisema.

Shangazi akamwahidi. Kwa kuwa alikuwa ameteguka mguu na hatoki barazani, kazi yote akamwachia Chapuchapu.

"Yaani tunaotesha magugu, shangazi?"

"Wewe mwagilia. Hujaombwa kuyapa majina."

Basi alimwagilia siku za mwanzo, halafu akachoka. Udongo ukakauka kwenye mifuko, na vichipukizi vikafa. Kila shangazi alipouliza miche inaendeleaje, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Vizuri tu, shangazi."

Jioni moja akasikia kwamba mfuga nyuki atakuja kesho yake. Je, alisema ukweli? Wapi. Alikimbilia kando ya barabara, akang'oa mimea ya ua lilelile iliyokwisha kuchanua. Mizizi yake ilikuwa mirefu, imeshuka moja kwa moja ardhini, haikuenea kwenye mifuko. Akaikata. Mtoto huyu, jamani. Akaishindilia mimea kwenye udongo, akamwaga maji, akajiona mjanja.

Asubuhi mfuga nyuki alifika na mkokoteni, akafurahi kukuta maua yamesimama.

"Shangazi yako ana mkono mzuri," alisema. "Basi mizinga naihamisha leo hii."

Alianza kupakia. Jua lilikuwa limepanda, na Chapuchapu akaona jani moja limelala, kisha la pili. Angeweza kunyamaza. Lakini nyuki wangepelekwa kwenye maua yanayokufa, wangeondoka, na lawama zote zingemwangukia shangazi.

"Babu, usiyapakie," alisema. "Hayana mizizi. Nimeikata mimi. Ile miche niliyopewa niioteshe ilikufa."

Mfuga nyuki alichomoa mmea mmoja, akautazama, akashusha pumzi. Shangazi alikuwa amechechemea hadi mlangoni na amesikia yote.

"Nilikuuliza mara ngapi?" alifoka. "Nimechoka na wewe, nimechoka mpaka basi."

Mfuga nyuki aliamua mizinga ibaki ilipokuwa. Mmea huu mzizi wake ukikatwa hauponi, alieleza. Heri mbegu zipandwe palepale shambani. Shangazi alikuwa bado na mbegu. Chapuchapu akazipanda, na kila alasiri alibeba ndoo ya mfuga nyuki kutoka bombani hadi shambani, akinung'unika njia nzima. Mikono ilimuuma, lakini safari hii hakuacha. Siku mizinga ilipohamishwa hatimaye, shamba lilikuwa la buluu na nyuki walikuwa kazini.

Jioni hiyo alimuuliza shangazi kama hasira zimekwisha.

"Hazijakwisha," shangazi alijibu. "Kusahau maji, hata mimi nasahau. Ungeniambia mapema tungeotesha upya, na mzee wa watu asingesubiri hivi. Lakini ulinidanganya, nami nikamhakikishia mtu kitu ambacho hakipo. Ukiharibu, sema upesi, wakati bado panatengenezeka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Haya. Kuna kingine ulichoharibu?"

Chapuchapu alikuna kichwa.

"Ndoo ya babu. Imepasuka."

"Lini?"

"Leo. Sasa hivi nilipokuwa narudi."

Shangazi akajiinua kitini, akatafuta viatu vyake.

"Twende tukamwambie," alisema. "Na utaanza wewe."