Mama Yake Liz Yuko Wapi?

Filister alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kando ya Ziwa Victoria, pale Mbita. Mjukuu wake Liz, mwenye miaka mitano, alikaa karibu naye. Hakucheza na wenzake. Kila gari liliposimama barabarani, aliinua kichwa.

"Dani, mama ametoka sokoni?" aliuliza. Wajaluo humwita nyanya Dani.

"Bado. Njoo ule."

"Sitaki."

Mourine, mama yake Liz, hakuwa sokoni. Alikuwa muuguzi, na sasa alikuwa Uingereza akitunza wazee. Aliondoka alfajiri, mtoto akiwa amelala. Waliona ni heri hivyo, asilie, wakamwambia ameenda sokoni. Hata Mourine alipopiga simu, mumewe Boaz alitoka nje ili Liz asisikie.

Lakini Liz alikonda. Akaanza tena kukojoa kitandani. Boaz alimgombeza, haikusaidia.

Siku moja Edinah, mhudumu wa afya wa kijiji, aliwatembelea. Alimtazama Liz kwa muda.

"Mama, huyu mtoto ana nini?"

"Tumempa dawa ya minyoo," Filister alijibu. "Wapi! Hali chakula."

"Mama yake alimuaga?"

Filister alimtazama Boaz. "Hapana," Boaz alisema. "Aliondoka Liz akiwa amelala."

"Mtoto asipoelezwa, hujitafutia sababu," Edinah alisema. "Wengi hujilaumu. Mwambieni ukweli kwa maneno mepesi: mama yuko wapi, anafanya nini, na nani atamtunza hapa. Na aongee na mama yake kwa simu."

"Atalia sana," Boaz alisema.

"Atalia, Baba Liz. Hata sasa analia, ila nyinyi hamsikii."

Jumamosi, walipotoka kanisani kwao, kwa Wasabato, Boaz alimpigia mkewe simu ya video. Liz alimtazama mama yake bila kusalimu. Kisha akauliza polepole:

"Mama, ulienda kwa sababu nilimwaga uji?"

Mourine alifunika mdomo kwa mkono.

"Hapana, mtoto wangu. Hukukosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa, nikaondoka bila kukuambia. Niko mbali, Uingereza, nilikuja huku kwa ndege. Ninatunza wazee wagonjwa. Sitarudi kesho. Nikipata likizo nitakuja, na nitakuambia mapema. Baba na Dani watakaa na wewe."

Liz alilia mpaka sauti ikakauka. Boaz alimpakata, hakumwambia anyamaze. Mourine naye alilia huko alikokuwa, lakini hakukata simu.

Mambo hayakubadilika mara moja. Asubuhi nyingine kitanda bado kilikuwa kimelowa. Boaz alianika godoro bila kugomba. Kila Jumamosi walipiga simu. Polepole Liz akaanza kula, halafu akaanza kuomba aongezewe.

Mchana mmoja alikuwa akicheza mchangani. Mtoto wa jirani akamuuliza, "Mama yako alikukimbia?"

Filister akaacha kazi, akasikiliza.

"Hakunikimbia," Liz alisema. "Yuko Uingereza, anatunza wazee. Aliniambia mwenyewe."

Akaendelea kucheza.