Kivuli Kisichofunga

"Hicho kivuli chenu nacho kinafunga Ramadhani?"

Bi Mgeni, jirani yake Mwanatumu, aliuliza kwa mzaha tu, huku akipepeta mchele upenuni. Mwanatumu akacheka. Kicheko kilimwishia njiani akienda kazini.

Kazi yake katika mji wa anga wa Pongwe ilikuwa kuangalia usalama wa ndege za sarakasi, zile zinazopinduka na kujiviringisha angani watu wakishangilia. Siku hizo hakuna rubani aliyejaribu mpinduko mpya kwa mwili wake kwanza. Kompyuta ilimtengenezea rubani-kivuli, mfano wake wa mwanga, wenye moyo na damu kama vilivyopimwa kwake, ukaruka ndani ya chumba cheupe, kimya, kama samaki majini. Wiki nzima kivuli cha rubani Shekue kilikuwa kikielea humo, kikizama, kikiibuka, salama salimini. Keshokutwa Shekue mwenyewe angeruka mbele ya watu, alasiri.

Lakini damu ile ilipimwa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, mtu ameshiba, amekunywa na chai.

Mwanatumu akamwita Shekue. Akaiamuru kompyuta ipunguze maji mwilini, yabaki ya mtu aliyekula daku tu. Kivuli kikapanda taratibu, kinapendeza kweli. Kileleni kikapinduka, uzito ukakielemea mara saba, damu ikakimbilia miguuni. Kichwa kikainama kama cha mtoto anayesinzia mgongoni kwa mama. Ndege yake ya mwanga ikashuka, ikashuka, mpaka nyasi za mwanga zikaimeza.

"Rudia," Shekue akasema.

Akarudia. Nyasi zikaimeza tena.

"Basi siku hiyo kula, mwanangu. Msafiri ana ruhusa."

"Msafiri wa wapi, mama? Napaa hapa, nashuka hapa hapa. Hata Korogwe sifiki!"

Wakacheka wote wawili, kidogo.

"Basi tungoje Idd ipite."

"Watu wameshaalikwa. Mama yangu mzazi anateremka kutoka Lushoto, hajaniona nikiruka hata siku moja. Niachie tu. Mungu atanilinda."

"Ameshakulinda," Mwanatumu akasema. "Si amekuonyesha?"

Akagusa kioo, akaifuta idhini ya kuruka. Nje, taa ya uwanja ikageuka nyekundu.

Shekue alimtazama, macho yakamjaa maji. Kisha akatoka, na hatua zake zikasikika ngazi nzima, nzito, za mtu aliye hai.