Kifuniko Chini ya Ndoo

Jumamosi ile duka la vifaa vya michezo lilijaa hadi kugeuka ilibidi uombe ruhusa. Mwalimu wa hesabu, ndani ya gauni la njano alilolipiga pasi mara mbili, alisimama mbele ya kabati la vioo akizitazama regyuleta, vile vifaa ambavyo mpiga mbizi huvitia mdomoni ili avute hewa ya mtungi. Zilikuwa saba. Zote ziling'aa na zote zilimtisha.

Miaka mitatu hakuwa amepiga mbizi. Mara ya mwisho, chini kabisa, regyuleta yake iligoma. Hewa ilikuja kwa tabu, kisha haikuja. Mchumba wake akampa regyuleta yake ya akiba, akampandisha juu taratibu. Lakini mchumba huyo ndiye aliyekuwa fundi wa vifaa vyake. Botini mwalimu alimuuliza, "Ulinifanyia nini?" Yule bwana akanyamaza. Kimya hicho mwalimu alikiona ni kukiri kosa, akavua pete palepale, akamrudishia.

Sasa, mbele ya kabati lile, akampigia simu dada yake.

"Dada, nichukue ipi?"

"Muulize fundi, mwenzangu. Mimi hata beseni nalivuka kwa dua."

Fundi alikuwa kwenye meza ya nyuma, aproni ya buluu, penseli sikioni. Alipoinua uso, mwalimu alitamani sakafu ipasuke. Ni yule mchumba wa zamani, mwingine nani? Kumbe alikuwa amehamia duka hili.

"Nataka inayoaminika," alisema, kama vile hawajuani.

"Ya mtu wa namna gani?"

"Ya mtu anayeogopa."

"Basi chukua nyepesi kuvuta, ambayo vipuri vyake havikupi safari ya kuvitafuta. Usidanganywe na bei, Samaki."

"Usiniite Samaki. Samaki amekaa nchi kavu miaka mitatu."

"Ndiyo maana amekonda."

Alitaka kununa, cheko likamponyoka. Fundi akavuta droo, akatoa mfuko. Ndani yake ilikuwamo regyuleta ya mwalimu mwenyewe, ile aliyomwachia kwa hasira, na vibandiko vitatu vya tarehe.

"Kifaa kikikaa bure nacho huharibika," fundi alisema. "Kila mwaka nimeifungua, nikaisafisha."

Kando yake palikuwa na chujio lake la zamani, la kijani kwa kutu. Mwalimu hakuhitaji kuelezwa. Chujio halishiki kutu hivyo isipokuwa maji yameingia. Akakumbuka ndoo, wiki ile ya mwisho kabla ya mbizi. Aliiosha regyuleta mbiombio bila kuifunga kifuniko kinachozuia maji, akakikuta chini ya ndoo, akakirudishia, wala hakumwambia mtu.

"Ulijua?"

"Niliona kutu nilipoichomoa botini. Jioni nikaifungua, nikahakikisha."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unatetemeka. Nikasema acha nibebe mimi, ukipoa nitakwambia. Hukurudi, na simu zangu ukazikata. Halafu na mimi nilikosa. Sikuikagua kabla hujashuka."

"Umeniacha nikuchukie miaka mitatu!" Machozi yalimtoka na hakuyaficha. "Hiyo si huruma. Uliniona mtoto."

Fundi aliinamisha kichwa. "Kweli. Nisamehe."

"Na mimi niliyeficha kifuniko je?" Sauti ilishuka. "Nisamehe wewe kwanza."

Nyuma yao mama mmoja mwenye miwani ya kuogelea mkononi alikohoa. "Wanangu, sameheaneni basi, na sisi tuna shida zetu."

Fundi akaunganisha ile ya zamani kwenye mtungi. "Ukitaka mpya, sitakulaumu. Chini kule hofu inakula hewa kuliko mapafu."

Mwalimu akaitia mdomoni, akafumba macho, akavuta. Hewa ikaja laini. Akavuta tena, na tena, hadi mabega yakashuka. Alikuwa ameikosa pumzi hiyo, na aliyemtunzia pia.

"Nachukua hii."

Fundi alipoichomoa, mwalimu aliwahi kifuniko, akakikaza kwa mkono wake, akamsogezea.

"Kikague."

Akakikagua. "Kimekaza."

"Hivyo hivyo siku zote. Nafunga mimi, unakagua wewe. Nikikosea, sema palepale."

"Nitasema, mpenzi."

"Haya. Na pete yangu iko wapi?"

"Kwa mama yangu. Alininyang'anya, eti ningeiuza ninunue mtungi."

Mwalimu akafuta machozi kwa kiganja. "Kesho twende kwa mama kwanza. Majini baadaye."