Milio Minne Mlangoni kwa Baudouin

— Toka kwangu na hiyo tarumbeta yako!

Mzee Baudouin alifoka, majani ya mihindi yakiwa bado yamemganda kichwani. Mugisha, mwanajeshi wa bendi kambini Mbarara, alikuwa amekuja Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kumposa binti yake, Orpa. Badala ya kupiga hodi, alipuliza milio minne inayofungua simfoni moja maarufu ya Kizungu. Mzee alikuwa ameruka dirishani, mbio mpaka shambani.

— Samahani, mzee. Mwalimu wa bendi alisema maana yake ni bahati nagonga mlango. Mimi nilileta heshima.

— Bahati? Mwaka wa tisini na sita, kule Fizi, Congo, redio ilipiga hiyo muziki asubuhi. Saa sita basoda bakafika na bunduki zabo, bakamuua mama ya Orpa. Maana yake njo hiyo!

Mugisha akaondoka kichwa chini. Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu ya Orpa: "Orpa, tafuta mwingine. Baba yako iko na haki."

Orpa alitia simu mfukoni. Alipanda gari hadi Mbarara, akamwita Mugisha kwenye geti la kambi.

— We ni soda gani na hiyo magwanda yako, unakimbia mzee mumoja?

— Sikimbii. Naona yeye huruma.

— Basi kuja umuonee huruma karibu. Twende!

Baudouin alipowaona wote wawili uani, alisimama.

— Orpa, unanirudishia huyu mutu?

— Ndiyo, Papa. Siku ile nilikuwa na miaka saba. We ulichukua jembe ukaenda. Mama alibaki anatwanga majani ya sombe, anafuatisha muchi na ile muziki, anacheka. Akasema, "Ni muzuri!" Mi nilibakia na ile kicheko. Juu ya nini maana yako tu njo iwe ya kweli?

Mzee alimsogelea Orpa.

— Alichekaka?

— Alicheka mingi. Na huyu nitaolewa naye, ukubali ukatae. Ila ukikatala, nitalia siku yote ya ndoa.

Baudouin akamgeukia Mugisha.

— Mi nilisikiaka mwanzo tu. Nyuma ya ile milio mine kunafuata nini?

— Iko refu, mzee. Mwisho iko ya furaha. Lakini mimi peke yangu siwezi, nataka bendi yote.

— Basi siku ya ndoa ubalete bote. Nitaikala kwa kiti mpaka mwisho, mukwe wangu. Sitakimbia tena.