Kisanduku Kinachotafuta Nyumbani

Kichwa cha Thibaud kiliingia kwenye sinki la kumwagia uchafu wa vyoo vya karavani, kikatoka, kikaingia tena.

"Sijakusikia vizuri, kijana," Gwenda Pascoe alisema kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya. "Kisanduku kiko wapi?"

Thibaud alikuwa pande la mtu, shingo kama ya fahali. Muda mfupi uliopita alimnyemelea Gwenda kwa nyuma akiwa na kisu, akidhani anamkuta bibi mmoja anayesuuza kikombe. Sasa kisu kilikuwa kimesimama kwenye paja lake mwenyewe, na puani yalimtoka maji ya dawa ya choo, ya buluu kama anga la likizo.

Kambi nzima ya karavani, hapo pwani ya Ufaransa, ilimjua Gwenda kuwa mjane mpole wa Cornwall: kofia ya sufu, mafumbo ya gazetini, biskuti za tangawizi. Hakuna aliyejua kwamba idara ya siri ya London ilikuwa ikimlipa mshahara kwa miaka ishirini na ushee. Na waliojua kazi yake hasa, wengi wao walikuwa wamekwishazikwa.

Alimzamisha tena.

Wiki nzima, Corbin Stroud, Mwingereza mwenye tabasamu la muuza bima, alikuwa akipita karavani hadi karavani akiuza visanduku vya intaneti, Thibaud akimbebea mzigo. "Nyumbani na ugenini, bando halikatiki!" Vyote vilikuwa vizima ila kimoja. Hicho kimoja kilikuwa na baruti. London ilijua hivyo. Haikujua kiko kwa nani.

"Kwa wale wazee!" Thibaud alibweka alipopata pumzi. "Wale wa jemu ya machungwa!"

Wilf na Dot Ollerenshaw. Majirani zake. Wameng'oa vigingi asubuhi hii hii, Dot akimpungia mkono mpaka kwenye kona.

"Kinalipukaje?"

Thibaud alicheka. Meno yote buluu. "Kikishika tu mtandao wa Uingereza. Wazee wanakiwasha wakiwa kwenye feri, wanaona nyumbani kwao, wanafurahi... buum. Umechelewa, bibi."

"Bibi yako yuko kwenu," Gwenda alisema, akamgongesha paji la uso kwenye bomba.

Bomba lilipinda. Thibaud hakuamka tena.

Alikimbilia gari lake huku akibonyeza simu.

"Kijiko kwa Birika. Ni akina Ollerenshaw. Kinalipuka kikishika mtandao wa nyumbani."

"Birika nimepata." Ilikuwa sauti ya Halliday, bosi wake, aliyeko London. "Feri yao ni ya alasiri. Polisi wa Calais watawasubiri geti la bandarini. Una muda, Kijiko."

"Wapigie simu."

"Tumepiga. Zimezimwa."

Zitaachaje kuzimwa? Wilf Ollerenshaw alikuwa mtu wa Yorkshire. Tangu bili ya simu ya Hispania ilipomlaza kitandani kwa homa, alikuwa akizima kila kitu kabla tairi halijagusa ardhi ya kigeni. Hata hicho kisanduku, ingawa Stroud alimwapia mbingu na ardhi kwamba ugenini ni bure, Wilf alikuwa amekibandika utepe mweusi kwenye taa isimkoseshe Dot usingizi, akakijaribu kwa dakika moja mbele ya Gwenda, kisha akakizima. Bure ya muuzaji haiamini.

Anaamini bure ya Mungu tu.

Gwenda alisimama ghafla, mkono kwenye kitasa cha mlango.

Jana kwenye chai, Wilf alikuwa amemnong'oneza siri, kama mtu anayeuza dhahabu ya wizi. Pale Rasi ya Gris-Nez, Gwenda, njiani kwenda Calais. Ng'ambo ni Dover. Ukisimamisha antena juu vya kutosha, mtandao wa kwetu unavuka bahari, unaudaka! Bure! Unakaa Ufaransa, unakula bando la nyumbani!

"Birika, hawafiki bandarini. Watasimama rasini."

"Kufanya nini?"

"Kudaka mtandao wa England."

"Nani mwenye akili timamu atasimama njiani eti—"

"Bosi, wewe hulali kwenye karavani. Toka hewani."

Land Rover ilinguruma. Karavani yake ilikuwa imeshafungwa nyuma, tayari kwa safari. Hakuwa na nafasi ya kuifungua. Aliondoka nayo getini kwa kasi ambayo mwenye kambi alikuwa ameikataza kwa vibao vitatu.

Peugeot nyeusi ilimpata kwenye barabara ya pwani.

Watu wawili wa Stroud. Mmoja usukani, mmoja amejitokeza dirishani mpaka kiunoni na bunduki fupi.

Ta-ta-ta-ta!

Kioo cha nyuma kikamwagika. Risasi zilipasua karavani kwa urefu, na Gwenda akasikia vikombe vyake vikilia kimoja kimoja. Kisha mlio mzito zaidi.

Birika la marehemu mama yake.

"Haya," alisema taratibu. "Sasa mmenikasirisha."

Barabara ilipanda kilima, ikaanza kuteremka. Peugeot ikasogea mpaka ikagusana pua na karavani. Chini ya usukani kulikuwa na kitufe chekundu ambacho mafundi wa idara walikifunga wakimsihi asikiguse ila siku ya kufa.

Alikigusa.

Ndoano ikaachia. Land Rover ikaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, na karavani ikabaki barabarani peke yake, na kwa nukta moja ilikaa kama inafikiri.

Peugeot iliiingia nzima.

Yule wa dirishani alikatika. Dereva alitoka kwa kioo cha mbele, akapitia jikoni, akatokea kwenye dirisha la chumba cha kulala akiwa amevaa pazia. Vyote viwili, gari na nyumba, vikabiringika mpaka shambani, vikawaka moto kati ya ng'ombe.

Gwenda alikuwa ameanza kutabasamu alipokumbuka. Bastola yake, Glock, ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai.

Kopo lilikuwa kwenye karavani.

"Mjinga wewe," alijiambia. Akakanyaga mafuta.

Uwanja wa kuegesha pale rasini uko bondeni. Mgongo wa kilima unauficha usione bahari, na barabara ya kuingilia inapita juu ya mgongo huo huo. Karavani za Waingereza zilijipanga kama meno, viti vya kukunja nje, chupa za chai, na antena juu ya milingoti mirefu kama shamba la mianzi, zote zimeelekezwa Dover. Hakuna aliyeinua macho. Kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake, anakula cha bure.

Mwishoni mwa mstari, Wilf alikuwa akiunganisha mlingoti wake kipande kwa kipande. Dot alikuwa amesimama kando ya jiko la gesi, birika likitoa mvuke.

Na nyuma ya Dot, Corbin Stroud. Mkono mmoja begani mwake. Mwingine chini ya gazeti.

"Gwenda, mpenzi!" Sauti ya Dot ilitetemeka. "Chai? Huyu bwana alitufuata tangu kambini. Anasema kisanduku chetu kibovu, anataka kukirudisha."

"Na mimi namwambia asubiri!" Wilf alifoka. Kisanduku kilikuwa juu ya meza ya kukunja, waya wake umepanda mlingotini. "Nimebakiza kipande kimoja tu. Kikivuka kilima, tumedaka!"

Akainua kipande cha mwisho.

"Usipandishe!" Gwenda na Stroud walipiga kelele kwa pamoja.

Wakatazamana.

"Basi tumeelewana," Stroud alisema. "Wenye pesa zao wanataka kilipuke kwenye feri, siyo kati ya viti vya kukunja. Naondoka nacho."

"Huondoki nacho."

Gazeti lililipuka. Risasi ilipita kwenye mkono wa Wilf, mzee akaketi chini, na mlingoti ukayumba. Gwenda aliudaka kabla haujaanguka, akauvunja kwa goti. Antena ikabwagika majanini, waya ukakatika. Kipande kilichobaki mkononi kilikuwa na ncha kali.

Akakiingiza chini ya mfupa wa bega la Stroud, kikatokea upande wa pili.

Stroud alinguruma kama nguruwe, akamshika Gwenda mkono na kumvunja vidole viwili. Gwenda akamng'ata sikio mpaka meno yakakutana. Akatema. Bastola iliruka ikapotelea chini ya karavani ya jirani, ambaye aliinua miguu yake ipite, akaendelea kusoma.

Kiwiko cha Stroud kikampata Gwenda kwenye mbavu. Akaanguka. Stroud alishika kisu, akakiinua.

Dot Ollerenshaw, mwimbaji wa kwaya kwa miaka arobaini, akammiminia birika zima shingoni.

"Umempiga mume wangu, mshenzi wewe!"

Ngozi ilibambuka kama ya nyanya. Stroud alipiga yowe, akapepesuka hadi mezani, akanyakua kisanduku. Alikitazama. Hakuna taa.

"Hakijawashwa," alihema, akicheka na damu mdomoni. "Bado kizima. Karavani ziko nyingi bandarini, Pascoe."

Akajitupa kwenye Range Rover yake na kuwasha injini.

Gwenda alisimama, akiegemea meza. "Corbin," alisema. "Usipite kule juu."

"Njia ni hiyo moja, bibi!"

"Najua. Nimekwambia tu, nisije nikadaiwa mbele ya haki."

Stroud alimcheka, akaondoka kwa kasi, mavumbi nyuma.

Wilf, akijibana mkono, alimvuta Gwenda sketi. "Lakini, Gwenda... kile kimewaka. Nilikiwasha tangu tulipofika, kinatumia betri yake. Taa haionekani kwa sababu ya ule utepe wangu."

"Najua, mzee. Inama."

Range Rover ilipanda. Ikafika kwenye mgongo wa kilima, pale upepo wa bahari unapokupiga usoni na Dover inaonekana nyeupe ng'ambo. Huko juu hakuna kinachouzuia mtandao wa England.

Kisanduku kikapata nyumbani.

Mlipuko uliinua gari zima, ukalipasua mara mbili hewani. Vioo vya karavani vikavunjika mstari mzima. Gurudumu moja liliteremka kilima likiwaka, likapita katikati ya viti, likagonga meza ya jirani na kulala.

Hapo ndipo watu wakainua macho.

Gwenda alimfunga Wilf mkono kwa taulo la vyombo, akamlaza Dot kifuani mpaka alipoacha kutetemeka. Kisha akapanda kilima peke yake, kofia yake ya sufu ikiwa imekaa upande, kuhakikisha. Hakukuwa na mengi ya kuhakikisha. Kiatu kimoja tu.

Simu yake ikatetemeka. Ujumbe wa mtandao: *Karibu tena nyumbani! Bando lako sasa linatumika kama kawaida.*

Akapiga.

"Birika, Birika. Kijiko hapa."

"Kijiko! Polisi wanasubiri getini. Wazee wako wapi?"

"Wapo. Mmoja anahitaji daktari."

"Kisanduku?"

"Kimefika nyumbani."

"Na Stroud?"

"Walisafiri pamoja. Nitahitaji karavani nyingine, bosi. Na birika. La bati, siyo la umeme."

Akakata. Kutoka bondeni, Wilf alikuwa amesimama, mkono mmoja umefungwa, wa pili umezunguka mdomo kama tarumbeta.

"Gwenda! Si nilikwambia hapo juu unashika? Mistari mingapi?"

Gwenda alitazama simu, akaitia mfukoni, akaanza kutembea taratibu kando ya moto.

"Yote, mzee," alisema. "Yote."