Moto Chini ya Kitanda cha Mzazi

Bi Onsa alichochea makaa yaliyokuwa chini ya kitanda cha mianzi, kisha akafunga mlango. Mkwewe Daovone alikuwa amejifungua juzi, na katika kijiji kile cha Laos mzazi hulalia joto. Huota moto, hunywa maji ya moto ya mizizi, wala hapigwi na upepo. Bi Onsa hakuwa mzembe. Alikuwa amechagua mkaa usiotoa moshi.

"Mama, kichwa kinanigonga," Daovone alisema. "Na mtoto hanyonyi. Anashika ziwa, mara amelegea."

"Ni upepo huo! Jana mumeo aliacha mlango wazi." Bi Onsa akaongeza makaa.

Mara wakasikia hodi. Alikuwa Latsamy, binti wa jirani, mtafiti wa chuo kikuu. Alipita katika nyumba zenye wazazi, kwa ridhaa yao, akipima hewa waliyovuta kwa kipimo kidogo cha mkononi.

"Nimekuja kumwona mgeni," alisema, akimchungulia mtoto. "Lo! Mbaya kama chura!"

Bi Onsa alifurahi. Mtoto mchanga hasifiwi, pepo wasije wakamtamani.

"Na hicho kidude chako? Kama unatafuta moshi, nenda kwa shangazi yako anayepikia kuni mbichi. Hapa hamna."

Latsamy alikiweka kipimo karibu na mto. Kikalia kwa sauti kali. Uso wake ukabadilika.

"Daovone, toka nje na mtoto. Sasa hivi! Bibi, fungua mlango na dirisha."

"Umtoe mzazi upeponi? Huko chuoni mnafundishwa kuua watu?"

"Nigombeze tukiwa nje, bibi yangu."

Walitoka. Bi Onsa alifuata na blanketi, akinung'unika.

"Moshi una hisani," Latsamy alieleza barazani. "Huwasha macho, mtu akakimbia. Lakini mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Huingia katika damu, ikachukua nafasi ya hewa njema. Mtu mzima huumwa kichwa. Mtoto hulegea, akashindwa kunyonya. Ikizidi, mtu hulala asiamke."

"Mimi nimewalalia makaa watoto watano, na nipo hapa nabishana nawe!"

"Ulilala katika nyumba gani, bibi?"

"Ya mianzi, ile ya zamani."

"Kuta zake zilipitisha upepo. Hii ni ya matofali."

Bi Onsa akazigeukia kuta za matofali. Yeye mwenyewe alijivunia kuta zile kwa majirani, kwamba hazipitishi hata pumzi. Akamtazama mjukuu wake aliyelegea kifuani mwa mama yake.

"Somphone!" akamwita mwanawe. "Washa pikipiki. Twende zahanati."

Huko Daovone na mtoto waliwekewa oksijeni, wakaangaliwa hadi kesho yake. Waliporudi, Bi Onsa alimngoja Latsamy mlangoni.

"Haya, mwalimu wa hewa. Mzazi wangu sasa akae na baridi?"

"La, joto libaki. Moto ndio utoke. Chemsha mizizi yako uani. Kitambaa chenye joto kidogo, ulichokijaribu kwanza mkononi mwako, mwekee tumboni. Na dirisha lisifungwe."

Ikawa hivyo. Kichwa cha Daovone kikapona, na mtoto akawa ananyonya hadi maziwa yanamtiririka kidevuni.

Mwezi uliofuata, Bi Onsa alimkuta jirani, ambaye mkewe alikaribia kujifungua, akiingiza mkaa chumbani.

"We kijana, nyumba yako ni ya nini?"

"Ya matofali, mama."

"Basi utoe nje huo mkaa. Na ukae kitako, nikueleze."